Wageni wa ndege

 Najua nimekuwa kimya. Kuanzia Septemba mpaka Machi kazi yangu haijui Jumapili wala sikukuu, na nikirudi nyumbani usiku macho hayana hamu tena ya kutazama kompyuta. Leo wageni wameondoka, kombi nimeiosha, mvua inanyesha, basi ngoja niandike.

Wengi huniuliza kwa barua pepe, hivi wewe huko kwa Madiba unafanya kazi gani hasa? Nikijibu kwamba naendesha wageni wanaokuja kutazama ndege, swali linalofuata ni moja: ndege gani, Boeing au Airbus? Hapana jamani. Ndege wenye manyoya. Ndege wa kawaida, wale wanaolia juu ya mwembe wakati wewe umelala.

Naona mnacheka. Na mimi nilicheka siku ya kwanza. Lakini sikilizeni kwanza, maana hii ni biashara kubwa na ina mambo ya kutufundisha sisi tuliotoka Lindi, Tanga, Pemba na kwingineko.

Mgeni wa ndege si mtalii wa kawaida. Anaamka saa kumi alfajiri kwa hiari yake. Nguo zake ni za rangi ya majani makavu, darubini haitoki shingoni, na mfukoni ana daftari au simu yenye orodha. Nikimpeleka Hluhluwe-iMfolozi, hifadhi ambako faru weupe waliokolewa wasimalizike duniani, simba akilala kando ya barabara mgeni wangu anamtazama dakika moja. Halafu ananigusa bega kwa adabu, ananiomba nisogeze gari mita tano mbele, kwa sababu nyuma ya simba kuna kichaka, na ndani ya kichaka kuna kindege cha rangi ya udongo ambacho hajawahi kukiona. Kwa ajili ya kindege hicho amelipa nauli kutoka Uingereza.

Shida yao ni orodha. Duniani kuna ndege wa aina zaidi ya 10,000, na kila mmoja wao anaandika aliowaona tangu aanze. Kulikuwa na mama mmoja Mmarekani, Phoebe Snetsinger. Mwaka 1981 madaktari walimwambia ana saratani ya ngozi na hana muda mrefu. Badala ya kukaa nyumbani kusubiri, akafunga mizigo akaenda kutazama ndege. Akaishi miaka 18 mingine, akawa mtu wa kwanza kuona aina zaidi ya 8,000, na mwisho wake haukuja kwa saratani bali kwa ajali ya gari akiwa Madagaska katika safari ya ndege, mwaka 1999. Februari 2024 Mmarekani mwingine, mwanadiplomasia mstaafu Peter Kaestner, alitangaza kwamba amefikisha 10,000.

Watu kama hao hawafiki huko peke yao. Wanahitaji gari, chakula, mahali pa kulala na zaidi ya yote mtu anayejua ndege yuko mti gani. Ndiyo maana kuna makampuni. Moja ya makampuni makubwa duniani ya safari za ndege, Rockjumper, lilianzishwa mwaka 1998 hapa hapa mkoani kwetu, KwaZulu-Natal. Wanapeleka wageni mabara yote.

Sasa ngoja niwatembeze kidogo, mwone ndege wenyewe.

Hapa mjini tunaanza na Pigeon Valley. Ni kipande cha msitu cha hekta kama 10 katikati ya nyumba za Glenwood, chini kidogo ya chuo kikuu. Ukiingia wakati wa baridi, yaani Aprili mpaka Septemba hivi, wageni wote wanatazama chini, si juu. Wanamtafuta mkesha mwenye madoa, ndege anayetembea juu ya majani makavu na kuyafukua akitafuta wadudu. Wazulu wanawaita mikesha umunswi. Huyu mwenye madoa ni adimu na yuko hatarini kutoweka. Majira ya joto huzaliana misituni kusini zaidi na bara, baridi ikija hushuka pwani.

Alasiri, msimu wa joto, tunapanda kwenda Mount Moreland karibu na uwanja wa ndege wa King Shaka (huo sasa ni wa Boeing na Airbus). Pale kuna bwawa la matete linaitwa Lake Victoria. Wanangu wa Mwanza msianze kugomba, na wao wana lao! Jua likizama, mbayuwayu wanakuja kulala kwenye matete yale. Wakati uwanja unapangwa, mbayuwayu wale walikadiriwa kufikia milioni 3. Watu wa pale wakapiga kelele: mtajengaje uwanja mlangoni mwa ndege milioni 3? Uwanja ulijengwa, ukafunguliwa Mei 2010 kabla ya Kombe la Dunia, lakini waliweka rada ya kuwaona mbayuwayu ili marubani wasubiri wapite. Sijui mahali pengine ambapo Airbus inamsubiri ndege wa gramu 20.

Mbayuwayu hao wanatoka Ulaya. Mwaka 1911 mtu mmoja huko Staffordshire, Uingereza, alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni. Desemba 1912 ndege yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shambani karibu na Utrecht, mji mdogo wa mkoa huu wetu wakati ukiitwa Natal. Kabla ya hapo Waingereza hawakuwa na ushahidi wa wapi mbayuwayu wao wanakwenda baridi ikiingia. Wazulu wanamwita inkonjane, na walikuwa wakimwona kila mwaka akija na mvua.

Na kunguru? Wapo. Kunguru wa Bara Hindi, hao hao mnaowajua Dar, Mombasa na Unguja. Zanzibar waliletwa miaka ya 1890 wale takataka. Durban walionekana miaka ya 1970, inasemekana walidandia meli. Wageni wangu hawawapendi hata kidogo, maana wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kenya mwaka 2024 ilitangaza vita ya kuwaua milioni moja. Mimi nikiwasikia asubuhi pale bandarini, kwa sekunde mbili tatu nipo Kariakoo.

Basi, hapo ndipo panapoanza jambo ninalotaka kusema leo.

Katika safari hizi anayeuzwa si ndege. Ndege hana bei, anapita bure. Kinachouzwa ni sikio la mtu. Mwenzangu wa kazi, kijana wa Kizulu aliyekulia karibu na Eshowe, anakaa kiti cha mbele karibu nami. Yeye ndiye mwongozaji, mimi ni dereva. Nikizima injini anafumba macho. Halafu anaanza kutaja: yule kule kushoto, yule nyuma ya mkuyu, wawili wale wanagombana. Wageni wana darubini za bei ya gari langu, lakini hawaoni kitu mpaka yeye aelekeze kidole. Elimu hiyo hakuipata darasani. Alichunga ng'ombe wa babu yake, na babu akampa majina.

Baadaye ndipo ikaja karatasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la BirdLife South Africa limekuwa likifundisha vijana wa vijijini kuwa waongozaji wa ndege. Wanafundishwa majina ya Kiingereza, jinsi ya kumhudumia mgeni, hesabu za biashara. Njia yao ya kwanza ya utalii wa ndege ilikuwa hii ya Zululand. Ukifika Eshowe, kwenye msitu wa Dlinza, utakuta daraja la mbao la mita 125 linalopita kwenye vilele vya miti, na mwisho wake mnara wa mita 20. Unasimama juu unatazama mgongo wa ndege anayeruka. Mambo hayo!

Lakini kilichonigusa zaidi si daraja. Ni kazi waliyoifanya wasomi watatu, Adrian Koopman, Noleen Turner na Roger Porter. Waliwakusanya waongozaji ambao Kizulu ni lugha yao ya mama, wakakaa nao katika warsha miaka ya 2010, wakapitia ndege wa mkoa mmoja baada ya mwingine. Tatizo lilikuwa kwamba jina moja lilibeba ndege wengi, na ndege wengine hawakuwa na jina kabisa, au jina lilibaki kwa wazee wachache. Wakakusanya ya zamani, na palipokuwa na pengo wakatunga mapya kwa kufuata sauti ya ndege, rangi yake au tabia yake. Kwamba kila ndege awe na jina lake, kwa Kizulu.

Mwenzangu alipokuwa akinieleza haya tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya magari. Akaniambia, "Bhuti, majina yetu mengi ni sauti. Inkankane anajitaja mwenyewe." Ni kweli. Inkankane ni kwarara, yule anayeamsha Durban nzima alfajiri kwa makelele juu ya mapaa ya nyumba. Ukimsikia mara moja hutahitaji kuuliza jina.

Nikakaa kimya, maana nilikuwa nafikiria jina lingine la sauti. Sisi wageni wa Kiafrika huku tunaitwa makwerekwere. Wanaeleza kwamba ni mwigo wa jinsi lugha zetu zinavyosikika masikioni mwao: kwere, kwere, kwere. Kama ndege. Aprili 2015, wenye maduka walipochomewa vitu hapa Durban na watu kuhamishiwa kwenye mahema Isipingo na Chatsworth, jina hilo halikuwa la kuchekesha. Nilikuwepo. Wakongo wenzetu wanaolinda magari mjini, ambao tunasalimiana kwa Kiswahili kila siku, hawakuthubutu kufungua mdomo kwenye basi wiki nzima. Ukisikika tu, umejitaja.

Nikamwambia mwenzangu wazo langu. Hakucheka. Akasema, "Ndege anayeitwa kwa sauti ni yule ambaye watu hawajamwona vizuri. Wamemsikia tu." Mpaka leo natembea na maneno yake.

Sasa twendeni Ongoye.

Ongoye ni msitu wa milimani, hekta karibu 4,000, kaskazini ya Durban, si mbali na Chuo Kikuu cha Zululand. Barabara ya kupanda ni mawe matupu; kombi hailii, inaomboleza. Juu kuna majani mafupi, ng'ombe wa wenyeji, majabali, halafu ghafla msitu mzito. Wageni wanakuja hapa kwa ndege mmoja. Ni wa kijani cha zeituni, ukubwa wake kama shorwe, kichwa kimekoza weusi, na sikioni ana doa la kijani-njano. Anapenda matunda ya mikuyu. Anaitwa kwa jina la ndugu wawili wamisionari, akina Woodward, waliozunguka Natal wakikusanya ndege. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1895. Katika Afrika Kusini nzima yuko kwenye msitu huu tu. Ukimkosa Ongoye, umemkosa.

Tulisimama. Mwenzangu akafumba macho. Kimya. Halafu ikaja sauti kutoka juu: kwop, kwop, kwop, kwop, bila haraka, kama mtu anayegonga chupa tupu kwa kidole. Wageni wakashika vifua vyao. Mzee mmoja wa Kiingereza alitoa kitambaa akajifuta macho, na mimi sikumwona vibaya.

Walipomaliza kumtazama, mama mmoja akafungua kitabu chake akasoma kwa sauti. Ndugu wa karibu wa ndege huyu, akasema, hawapo Msumbiji ya jirani hapa wala Eswatini. Wako zaidi ya kilomita 2,000 kaskazini, kwenye nyanda za juu za Rondo, kusini mashariki ya Tanzania. Wanafanana kiasi kwamba wataalamu wengi wamewaweka kundi moja. Maelezo ni kwamba zamani, hali ya hewa ilipokuwa na mvua zaidi, misitu ya pwani ilishikana. Ikakauka, ikabaki visiwa visiwa, na ndege wakabaki kila mmoja kisiwani kwake.

Rondo! Ndugu zangu, Rondo iko Lindi. Mama yangu ni wa huko. Likizo za shule nilikuwa nikipanda Rondo kwa mjomba kula mihogo. Nikawaambia wageni, hapo ndipo kwetu. Wote wakageuka wakanitazama mimi badala ya ndege. Na swali likaja, kwa upole kabisa: kwa lugha yako anaitwaje?

Kiswahili chetu si maskini wa ndege, msije mkafikiri hivyo. Tuna furukombe anayevua samaki, hondohondo mwenye mdomo kama panga, chozi anayenyonya maua, kigong'ota, kurumbiza, tetere, kulasitara. Lakini fungua kamusi uone. Mara nyingi mbele ya jina utakuta maelezo mafupi: aina ya ndege. Basi. Ndege gani, anakula nini, analiaje, kimya. Na mtoto wa leo wa mjini anajua kuku, kunguru, njiwa, bundi wa uchawi na tai wa kwenye televisheni. Waliobaki wote ni "kandege".

Usiku ule nilimpigia mjomba. Ana zaidi ya miaka 80, haoni vizuri, lakini masikio mazima. Nikamtumia sauti ya yule ndege kwa simu ya mtoto wake. Nikasikia kule upande wa pili kwop, kwop, kwop, halafu mjomba akacheka. "Mpwa wangu, umefika lini Rondo bila kunipitia?" Akanitajia jina lake la Kimwera, akanieleza mti anaoupenda, na mwezi ambao humsikia zaidi. Kisha akaniambia kwamba kijiji cha pili wana jina jingine, na kwamba wanaolijua wamebaki wawili. Jina sitaliandika leo, nataka kwanza niwafikie hao wawili nisije nikaandika nusu.

Halafu nikamuuliza habari ya mkesha mwenye madoa wa Pigeon Valley. Maana na yeye, jamani, ana jamaa zake kwetu! Kuna mikesha ya madoa wanaokaa pwani ya Kenya kuanzia Aprili mpaka Oktoba, pale kwenye magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, na mahali walikopatikana wakizaliana ni Rondo. Mjomba alimjua pia, kwa mwendo wake. "Yule anayegeuza majani kama mtu aliyepoteza senti."

Sasa niambieni, nani mtaalamu wa ndege hapo? Mimi naona tumezoea kufikiri kwamba kitu kinajulikana siku mgeni anapokiandika. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi milima ya Udzungwa. Katika chungu cha mboga wakaona miguu ya ndege wasiyoitambua. Kumbe ni ndege wa jamii ya kware ambaye sayansi haikuwa na habari zake, na ndugu zake wa karibu wako Asia! Dunia ikashangaa. Mimi nashangaa jambo lingine. Aliyemtega yule ndege, akamnyonyoa na kumtia chumvi, alikuwa anamjua siku zote. Alijua anapita njia gani na analala wapi. Yeye tu hakuulizwa mpaka ndege alipofika chunguni.

Kuna kisa kimoja cha hapa kinaniuma. Kampuni moja ya ng'ambo, sitaitaja, ilikuja na kiongozi wake wa msafara. Mwenzangu aliwaonyesha bundi ambaye yeye peke yake alikuwa anajua anapolala mchana. Wakafurahi, wakapiga picha, wakampa ujira wa siku moja. Baadaye wakaandika taarifa ndefu ya safari. Ndege wote 400 na ushee walitajwa kwa jina. Yeye aliandikwa "kijana wa pale". Msimu uliofuata wakarudi bila yeye, wakiwa na alama za GPS za mti ule ule. Saa sita mchana simu yake ikalia: ndege hayupo, uko wapi? Aliponihadithia alikuwa anacheka. "Bhuti, mti hauhami. Ndege anahama." Aliwaendea, na safari hiyo alitaja bei yake mwenyewe kabla hajavaa viatu.

Wazee wetu walilijua somo hili zamani, tena kwa ndege. Mlembe, kindege yule anayeongoza watu kwenye asali, ndiye mwongoza watalii wa kwanza duniani. Anakuja, anapiga kelele, anaruka mti mpaka mti, wewe unafuata. Huko Niassa, ng'ambo ya Ruvuma, Wayao wanamwita kwa sauti maalumu. Utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ukitumia sauti ile, nafasi ya kuonyeshwa mzinga wa nyuki inapanda kutoka asilimia 17 hivi mpaka 54. Wahadzabe wao wanapiga mluzi. Na mahali pengi mlembe anapofuatwa utasikia onyo moja: mwachie chake. Mwachie nta. Ukila yote, kesho atakuongoza kwa chui.

Kwa hiyo mnisome vizuri. Sisemi kwamba wageni wa ndege ni watu wabaya. Wengi ni watu waungwana kuliko watalii wote niliowahi kuwabeba, na yule mzee aliyelia Ongoye aliniachia darubini yake. Pia sisemi utalii utatuokoa. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa korona, mwenzangu alikaa miezi mingi bila mgeni hata mmoja, akarudi kwenye ng'ombe wa babu. Msitu unaotegemea mgeni peke yake unalia mgeni asipokuja. Lakini majina hayakumwacha. Alikuwa akinitumia sauti za ndege kwa simu kila asubuhi, mimi nimejifungia chumbani mjini, nami najibu kwa kubahatisha. Tukamaliza kifungo kile hivyo.

Ninachosema ni hiki. Mtu mwenye jina la kitu anaweza kukidai, kukilinda, hata kukiuza akitaka. Asiye na jina anakuja kuuziwa chake na mwingine. Tanzania ina ndege wa aina zaidi ya 1,100, Afrika Kusini kama 850. Pemba peke yake ina aina nne ambazo hazipo mahali pengine popote duniani. Rondo ina ndege hawa wawili na komba mdogo kabisa anayeitwa kwa jina la Rondo, aliyeandikwa na sayansi miaka ya 1990. Msitu wake ulikatwa mivule mingi enzi za mkoloni na umebaki mdogo. Ongoye ina vijana wanaoishi kwa kuusikiliza. Rondo ina mjomba wangu na wazee wawili wa kijiji cha pili.

Hapa Durban kuna watu wanaitwa Wazanzibari. Mababu zao, wengi Wamakua, walikuwa watumwa waliokombolewa baharini na kuletwa hapa kati ya 1873 na 1880. Waliishi Bluff, miaka ya 1960 ubaguzi wa rangi ukawahamishia Chatsworth kwa nguvu. Vizazi vyote hivyo, na bado wapo wazee wanaosema Kimakua. Waliokatwa na nchi yao kwa pingu wameishika lugha karibu miaka 150. Sisi tuliopanda basi wenyewe, je?

Basi ombi langu ni dogo. Wewe uliye nyumbani, au unayepiga simu nyumbani kila Jumapili kama mimi, ukimaliza habari za ada na za msiba, muulize mzee: ndege gani analia hapo nje sasa hivi? Anaitwaje? Kwa nini? Andika, na uandike aliyekuambia, kwa jina lake kamili, si "mzee wa pale". Daftari langu lina majina 31 kutoka kwa mjomba na ukurasa wa kwanza una jina lake.

Nikijaliwa, mwezi wa sita nakwenda Rondo. Darubini ya yule Mwingereza nitambebea mjomba, ingawa amekwisha niambia hana haja nayo.

Alamsiki, tuonane.